Nani Anayalinda Macho ya Daktari?

Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, Kenya, kumbukumbu za wagonjwa zilianza kuhama kutoka kwenye makaratasi kwenda kwenye kompyuta. Kazi hiyo ilifanywa na Chuo Kikuu cha Moi kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, na baada ya miaka michache ikazaa OpenMRS, programu ya kumbukumbu za tiba ambayo leo inatumika katika nchi nyingi. Mwaka 2011 Kenya ikaziweka takwimu za afya za nchi nzima kwenye mfumo wa DHIS2 kwa njia ya intaneti. Mwaka 2015 ikaanza mpango wa kukodi vifaa tiba, zikiwemo mashine za kisasa za mionzi, kwa ajili ya hospitali za kaunti zote 47. Upande wa Tanzania kuna mfumo wa GoTHOMIS: katika kituo kinachoitumia, taarifa za mgonjwa humtangulia kwenye kompyuta kutoka mapokezi hadi kwa daktari, maabara, dirisha la dawa na la malipo.

Sina ugomvi na safari hiyo. Aliyewahi kuona faili la mgonjwa wa sukari likitafutwa masijala asubuhi nzima hawezi kutamani kurudi tulikotoka. Swali langu linamhusu anayeketi mbele ya kioo. Mipango ya mifumo hii huorodhesha kompyuta, nyaya, seva, betri na siku za mafunzo. Nadra sana kuona fungu la macho ya mtumishi, na hali ni macho hayo yanayotofautisha miligramu 0.5 na miligramu 5 kwenye dawa ya mtoto mchanga, saa kumi alfajiri, mwisho wa zamu ya usiku.

Kwa maoni yangu tumekosea mara mbili. Kwanza, tumeuchukulia uchovu wa macho wa mtumishi wa afya kuwa shida yake binafsi, anywe panadol aendelee, wakati ni sehemu ya usalama wa mgonjwa na ni wajibu wa mwajiri. Pili, hata tunapolizungumzia jambo lenyewe, tunaogopa visivyo na madhara makubwa na kuviacha vinavyoumiza kweli.

Tuanze na kinachotokea ndani ya jicho. Kila mtu anapopepesa, kope hutandaza machozi upya juu ya jicho: utando mwembamba wenye ute chini, maji katikati na mafuta juu yanayozuia maji yasikauke upesi. Mwaka 1993 watafiti wawili wa Japani, Tsubota na Nakamori, walichapisha vipimo vyao kuhusu wafanyakazi wa ofisini. Walipokuwa wametulia walipepesa wastani wa mara 22 kwa dakika. Waliposoma kitabu, mara 10. Mbele ya kompyuta, mara 7. Jicho linapokodolewa hivyo, utando wa machozi hupasuka kabla haujatandazwa tena. Isitoshe, mtu aliyezama katika kazi hupepesa nusunusu: kope la juu halifiki chini, na sehemu ya chini ya jicho hubaki kavu. Ndipo huja ule muwasho wa kama mchanga machoni, wekundu, maandishi yanayofifia na kurudi mtu akipepesa, na wakati mwingine machozi kutiririka. Hili la mwisho huwachanganya wengi. Jicho lililokauka hujitetea kwa kumwaga machozi mepesi ambayo hayakai, na mgonjwa huapa kwamba hawezi kuwa na macho makavu.

Hospitali huongeza yake. Feni ya mezani huelekezwa usoni kwa sababu ya joto la Dar es Salaam au Mombasa. Vyumba vya mashine hupozwa kwa kiyoyozi mchana na usiku ili mtambo usiharibike. Barakoa isiyokaza puani hupeleka pumzi juu, moja kwa moja kwenye macho, jambo ambalo madaktari wa macho walianza kuliandika mwaka 2020 wakati wa janga la UVIKO-19. Mtaalamu wa maabara, mwenye barakoa, chini ya kiyoyozi, anayehama kutoka darubini kwenda kwenye kompyuta na kurudi, amekusanya karibu visababishi vyote kwa pamoja.

Ukitaka kuona kosa la mpangilio, ingia chumba cha daktari katika kituo cha afya cha kawaida. Meza imesukumwa ukutani chini ya dirisha kwa sababu soketi ya umeme iko hapo. Skrini imetanguliza mgongo dirishani, kwa hiyo kuanzia saa nne asubuhi tabibu anatazama maandishi madogo huku jua likimpiga usoni. Skrini yenyewe imepandishwa juu ya kasha la kompyuta ili nafasi ya kuandikia cheti ipatikane. Tabibu ana miaka 47, amevaa miwani yenye sehemu mbili, ya mbali juu na ya kusomea chini. Ili asome jina la dawa inambidi ainue kidevu na kulaza shingo nyuma, apate kuchungulia kwa sehemu ya chini ya lenzi. Mchana shingo inauma, kichwa kinauma, macho yanawaka, naye anaamini kompyuta imemharibu macho. Skrini ikishushwa mpaka ukingo wake wa juu uwe chini kidogo ya usawa wa macho, ikasogezwa umbali wa mkono ulionyooshwa, na meza ikageuzwa ili dirisha liwe ubavuni, sehemu kubwa ya mateso yale itaondoka bila shilingi moja kutumika. Kutazama chini kidogo kuna faida nyingine: kope hufunika eneo kubwa zaidi la jicho na machozi hukauka polepole.

Umri wa tabibu yule ndio kiini cha tatizo jingine la macho. Kuanzia miaka ya arobaini lenzi ya jicho hukakamaa na kupoteza uwezo wa kulenga vitu vya karibu. Hali hiyo humpata kila mtu, awe profesa au mhudumu. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake kuu ya uoni ya mwaka 2019, lilikadiria kuwa watu bilioni 1.8 wana hali hiyo. Tiba yake ni miwani. Lakini watumishi wengi tunaowafahamu huahirisha: wanasogeza karatasi mbali, wanakuza herufi za simu, wanamwomba muuguzi kijana awasomee. Mwaka 2018 jarida la Lancet Global Health lilichapisha jaribio lililofanywa Assam, India, kwa wachuma chai 751 wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Waliopewa miwani rahisi ya karibu waliongeza uzalishaji wao kwa takriban asilimia 22 zaidi ya wenzao waliosubiri. Ikiwa macho yaliyosahihishwa yanaleta tofauti hiyo kwenye jani la chai, sioni kwa nini tuyapuuze kwenye kipimo cha insulini.

Hapa kuna kasoro ambayo hata wenye nia njema huipitia bila kuiona. Upimaji wa afya kazini, pale unapofanyika, mara nyingi humsimamisha mtumishi mita 6 kutoka kwenye ubao wa herufi. Akisoma mstari wa chini, fomu inaandikwa kuwa macho ni mazima. Skrini yake iko sentimita 60 au 70. Mtu anaweza kufaulu ubao wa mita 6 kwa alama zote na asiweze kufanya kazi yake kwa saa moja bila maumivu. Na hata miwani ya kusomea kitabu imetengenezwa kwa umbali wa sentimita 40 hivi, pungufu ya umbali wa skrini, kwa hiyo mvaaji hujikuta ameinama mbele ili maandishi yakae sawa. Mpimaji anapaswa kuombwa miwani ya umbali wa kompyuta, na mtumishi aende akiwa amepima kwa futi umbali anaokaa.

Kati ya kada zote, madaktari wa radiolojia ndio waliochunguzwa zaidi, na kinachojulikana juu yao kinatuhusu sote. Mwaka 2010 Elizabeth Krupinski na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa madaktari 40 wa fani hiyo, nusu wakiwa bado masomoni. Walipewa picha za mifupa watafute mivunjiko, mara moja kabla ya kuanza kazi ya siku na mara nyingine baada ya siku ndefu ya kusoma picha. Jioni usahihi wao ulishuka. Macho yao pia yalishindwa kulenga umbali wa skrini kama yalivyofanya asubuhi. Kitarakimu tofauti ilikuwa ndogo, lakini mfupa uliovunjika na usionekane ni wa mtu mmoja kamili, na kwake hakuna udogo.

Mzigo wenyewe umebadilika. Picha ya kifua ya zamani ilikuwa filamu moja au mbili zilizobandikwa kwenye kisanduku cha taa. CT ya kifua ni mamia ya vipande vinavyopitishwa kwa kidole juu ya kipanya. Utafiti wa Mayo Clinic ya Marekani uliotoka mwaka 2015 ulihesabu kazi ya kusoma CT na MRI kati ya 1999 na 2010, ukaona kuwa mwishoni mwa kipindi hicho daktari alihitaji kutazama picha moja kila sekunde 3 hadi 4, saa nane mfululizo, ili amalize ya siku. Huko kuna madaktari wengi wa fani hii. Katika ukanda wetu bingwa mmoja anaweza kusomea mkoa mzima, na picha za hospitali nyingine humfikia kwa mtandao baada ya kumaliza za kwake.

Fani hii ina historia yake ya kulinda macho, na inafundisha. Kabla ya vikuza picha kuenea miaka ya 1950, kioo cha mashine ya eksirei kiling'aa hafifu mno kiasi kwamba daktari alilazimika kuzoesha macho yake gizani kwanza. Mwaka 1916 Mjerumani Wilhelm Trendelenburg alibuni miwani ya vioo vyekundu ambayo madaktari waliivaa muda mrefu kabla ya kazi, wakitembea nayo wodini. Zamani zile, maandalizi ya jicho yalikuwa sehemu ya kipimo chenyewe. Leo kinachobaki ni desturi ya giza tupu katika chumba cha kusomea picha, na giza hilo ni kosa. Skrini angavu katikati ya chumba cheusi huilazimisha mboni ifunguke na kujifunga kila daktari anapogeuka kutazama fomu. Miongozo ya Marekani ya skrini za uchunguzi hutaka mwanga hafifu, wa lux 25 hadi 50 hivi, wakati ofisi ya kawaida huwa na takriban 500. Taa ndogo ya mezani iliyogeuziwa ukutani nyuma ya skrini inatosha. Na skrini iwe ya kazi hiyo: miongozo hiyohiyo inadai ung'avu usiopungua kandela 350 kwa mita ya mraba kwa picha za kawaida, na 420 kwa picha za matiti. Kusoma mivunjiko kwenye kompyuta mpakato ya kawaida kunachosha jicho na kuficha ugonjwa kwa wakati mmoja.

Sasa hofu zisizo na mashiko. Katika maduka ya miwani ya miji yetu kuna lenzi zinazouzwa kwa bei ya juu kwa madai kwamba zinachuja mwanga wa buluu wa skrini unaoua macho. Agosti 2023 mtandao wa Cochrane ulichapisha mapitio ya majaribio 17 kutoka nchi sita, na haukupata ushahidi kwamba lenzi hizo hupunguza uchovu wa macho wa kompyuta kwa muda mfupi zikilinganishwa na lenzi za kawaida. Mwanga wa buluu wa skrini ni kidogo mno ukilinganisha na wa jua la mchana, na hakuna uthibitisho kwamba unaharibu retina ya mtumiaji. Unachoweza kuvuruga ni usingizi wa aliyekodolea skrini usiku, na dawa yake ni kupunguza mwangaza na kulala ipasavyo baada ya zamu. Muuguzi anayejinyima ili anunue lenzi hizi angepata nafuu zaidi kwa kupimwa macho na daktari wa macho.

Ile kanuni ya 20-20-20 nayo inastahili kupimwa bila kupendelea. Inasema kila dakika 20 utazame kitu kilicho futi 20, yaani mita 6, kwa sekunde 20, na hunasibishwa na mtaalamu wa macho wa California, Jeffrey Anshel. Ni rahisi kukumbuka, ndiyo maana imeenea. Ushahidi wake ni wa kuchanganya: jaribio moja la mwaka 2022 lilionyesha dalili zikipungua kwa waliokumbushwa na programu ya kompyuta, jingine la 2023 halikuona tofauti ya maana kwa mapumziko ya sekunde 20. Mimi naichukua kama ukumbusho, si kama tiba. Misuli inayolenga lenzi hupumzika jicho linapotazama mbali, hilo halina ubishi, lakini sekunde 20 haziwezi kufidia saa kumi na mbili za zamu. Kinachosaidia zaidi ni kubadilisha aina ya kazi: aliyesoma picha saa nzima ainuke akafanye utrasaundi, ajadiliane na daktari wa wodi, apige simu ya majibu. Mkuu wa idara anaweza kupanga hivyo kwenye ratiba. Anaweza pia kuamua kwamba picha ngumu iliyosomwa usiku wa manane ipitiwe tena asubuhi na jicho lililopumzika.

Najua jibu litakalokuja: foleni ni ndefu, watu ni wachache, nani atapumzika? Ni kweli, na anayeandika ushauri kana kwamba kila hospitali ina madaktari wa ziada hawatendei haki watumishi. Lakini jibu hilo likikubaliwa lote, linamaanisha tumekubali majibu ya mwisho wa zamu yawe na makosa zaidi kuliko ya mwanzo. Bora kusoma picha chache kwa usahihi na kutanguliza za dharura kwa utaratibu unaojulikana, kuliko kumaliza foleni yote.

Kuna hatari moja ambayo haisemwi sana, na ndiyo inayoweza kuacha kovu la kudumu. Inawapata wanaotazama skrini wakiwa kando ya mtambo wa mionzi: madaktari wa moyo wanaoingiza mirija kwenye mishipa, kama wanavyofanya katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, pamoja na wauguzi wao na wataalamu wa mionzi. Miale inayogonga mwili wa mgonjwa hutawanyika pande zote, na lenzi ya jicho ni miongoni mwa tishu dhaifu zaidi mbele yake. Ikikusanyika miaka mingi huleta mtoto wa jicho, hasa upande wa nyuma wa lenzi. Mwaka 2011 Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi ilipitia ushahidi na kushusha kikomo cha lenzi kwa wafanyakazi kutoka milisivati 150 kwa mwaka hadi wastani wa 20 kwa mwaka katika miaka mitano, bila mwaka wowote kuvuka 50.

Mahali skrini ilipowekwa pana uzito hapa. Daktari humshughulikia mgonjwa kwa mikono na kutazama skrini kwa macho, uso umegeukia pembeni, na miale inayotoka mwilini mwa mgonjwa humjia kutokea chini na ubavuni. Miwani ya risasi isiyo na kinga za pembeni huipitisha. Ngao ya kioo inayoning'inia darini husaidia sana, lakini husukumwa kando kwa sababu inazuia mikono. Na kipima mionzi kinachovaliwa kifuani ndani ya aproni hakisemi jicho limepata kiasi gani. Kwa wafanyakazi hawa, kipimo karibu na jicho na kuchunguzwa lenzi mara kwa mara ni haki ya msingi, na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania na mamlaka ya Kenya inayosimamia nyuklia ndizo za kuulizwa pale kinapokosekana.

Neno juu ya matone. Watumishi wa afya hujitibu, kwa kuwa dawa iko karibu. Matone ya machozi ya bandia ni salama, ila yenye kihifadhi yakitumika zaidi ya mara nne kwa siku yanaweza kuwasha jicho zaidi, na hapo inafaa kutafuta yasiyo na kihifadhi. Matone ya kuondoa wekundu hurudisha wekundu mkali zaidi yakiachwa. Matone yenye steroidi ndiyo ya kuogopwa. Huleta nafuu upesi, na polepole yanaweza kupandisha presha ya macho mpaka mshipa wa fahamu wa jicho uharibike, bila maumivu ya kumtahadharisha mtu. Yasitumike bila daktari wa macho kuyaandika. Na si kila dalili ni ya kompyuta: vimulimuli vya ghafla, kivuli kama pazia upande mmoja, maumivu makali ya jicho moja, au duara za rangi kuzunguka taa, ni mambo ya kumwona daktari wa macho siku hiyohiyo.

Tukija kwenye sheria, Ulaya ilishalimaliza suala hili. Agizo la Jumuiya ya Ulaya namba 90/270 la Mei 1990 linampa mfanyakazi wa skrini haki ya kupimwa macho kabla ya kuanza kazi na kila baada ya muda, na miwani ya kazi hiyo ikihitajika isimgharimu yeye. Uingereza iliweka kanuni zake zikaanza kutumika mwaka 1993. Desemba 2022 mahakama kuu ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya mtumishi wa idara ya uhamiaji ya Romania, ilithibitisha kuwa miwani ya macho imo katika haki hiyo, na mwajiri anaweza kuitoa au kurudisha gharama. Kwetu, Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inayotaka wafanyakazi wapimwe afya, na ya Kenya ya 2007 inagusa hata mpangilio wa vifaa kulingana na mwili wa mfanyakazi. Zimeandikwa kwa upana. Huo si upungufu wa kutuzuia, kwa kuwa upana huo unamruhusu mkaguzi kuingia chumba cha radiolojia, au kile cha tabibu mwenye miaka 47, na kuuliza skrini iko wapi na miwani iko wapi.

Mwaka wa fedha wa Kenya na Tanzania huanza Julai mosi, na maombi ya idara huandikwa miezi kadhaa kabla. Mganga mfawidhi anayeomba kompyuta kumi mpya aongeze mistari mitatu chini yake: upimaji wa macho kwa umbali wa skrini kwa kila atakayezitumia, miwani kwa watakaoihitaji, na fundi wa kuhamisha soketi ili meza zitoke chini ya madirisha. Ukilinganisha na bei ya kompyuta zenyewe, ni fedha kidogo.